Spoti turing zisife, ila zisitengenezwe kama yangu

Nina miaka kumi na mmoja juu ya pikipiki ya aina ya spoti turing, na niliinunua mkononi mwa mtu, naye aliinunua mkononi mwa mwingine. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo aibu yenyewe. Kiwanda cha pikipiki za kasi kikitangaza kwamba kinaacha kutengeneza spoti turing, sisi wapenzi wake tunapiga kelele kuliko wote. Ukituuliza lini mara ya mwisho tulinunua mpya, kila mmoja anaanza kukagua kucha zake. Kiwanda hakipati hata senti kwa pikipiki yangu.

Kwa asiyezijua, spoti turing ni pikipiki ya ukoo wa mbio iliyoongezewa kioo kirefu cha mbele, siti ya watu wawili wanaoweza kukaa kutwa nzima, na masanduku ya pembeni. Inalala kwenye kona kama ndugu zake wa mbio, lakini jioni unashuka na bado unatembea wima. BMW walikuwa na R100RS mwaka 1976, Yamaha wakaja na FJ1100 mwaka 1984, Honda na VFR750F mwaka 1986. Kwa miaka mingi, ukisema unataka kwenda mbali na haraka, hizi ndizo ulizokuwa unaelekezwa.

Sasa, kiwanda kinachojulikana kwa kasi kiendelee nazo? Ducati wa Italia ni mfano mzuri, maana wao walijibu mara mbili na majibu hayakufanana. Mwaka 1997 walitoa ST2, silinda mbili, cc 944. Baada ya miaka miwili ikafuata ST4, na ndani yake wakaweka injini ya ukoo wa 916, pikipiki yao iliyowapa mataji ya dunia ya mbio za Superbike. Yaani moyo wa bingwa, pembeni masanduku ya nguo. Mwaka 2004 ikaja ST3. Kisha ukoo wote ukafungwa, na mwaka 2010 wakatoa Multistrada 1200: ndefu kwenda juu, usukani mpana, mgongo wima. Wengi wakasema basi, spoti turing imezikwa. Mimi nilikwenda kuangalia magurudumu. Inchi 17 mbele, inchi 17 nyuma, matairi ya lami. Ile haikuwa pikipiki ya matope. Ilikuwa spoti turing iliyovaa buti.

Nakiri kwamba buti hizo zina raha yake. Rafiki yangu aliniazima pikipiki yake ndefu kwa siku mbili, na siku ya kwanza nilirudi nyumbani viganja vyangu havina ganzi, jambo nililokuwa nimelisahau. Unaona juu ya magari, magoti hayajakunjwa, na usukani unaugeuza kwa vidole. Siku ya pili niliiangusha. Usidhani ni kwenye kona. Ni kituo cha mafuta, mwendo sifuri, tangi limetoka kujazwa, mguu wangu wa kushoto ukitafuta ardhi ambayo haikuwa karibu. Uzito ukikaa juu namna ile, ukianza kwenda hauzuiliki. Unabaki kuusindikiza tu hadi chini. Mwenye pikipiki hakusema kitu, akawa anaangalia kishikio cha klachi kilichopinda. Mimi ni mfupi, na wafupi tuko wengi. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutotuachia pikipiki ndefu tu.

Lakini tatizo kubwa la spoti turing nyingi halikuwa mtindo. Zilitengenezwa na watu wa mbio kwa kichwa cha mbio. Yangu (sitaji kampuni, ugomvi wetu umepoa) ina sanduku la kulia lililokaa juu ya bomba la moshi. Safari ya kwanza ndefu nilifungua jioni nikakuta dawa ya meno imekuwa uji na krimu ya jua imepasuka juu ya mashati. Aliyechora bomba lile hakuwahi kufunga safari nalo. Halafu zikaja vali, vile vifuniko vya ndani ya injini vinavyopitisha hewa na moshi. Nilipoipeleka ikapimwe, fundi alianza asubuhi na plastiki, akaja tangi, akaja rejeta, na saa sita mchana akaniita. "Kaka, njoo uone," akanionyesha sinia la bolti. "Hapa bado sijafika kwenye injini." Mwenye pikipiki ya mbio hujali kidogo, maana kwa mwaka anatembea kilomita chache. Msafiri anazimaliza kilomita hizo katika likizo moja.

Ndiyo maana kitu nilichokiheshimu zaidi kwa Ducati si nguvu za farasi. Tangu enzi za mhandisi Fabio Taglioni, miaka ya 1950, fahari yao ni desmo: vali hairudishwi na springi, inafungwa na mkono wake maalumu. Ni ufundi mtamu, na ni kazi maradufu kwa fundi, kwa sababu anapima nafasi ya kufungua na nafasi ya kufunga. Walipotoa Multistrada V4 ya 2021 waliiacha desmo, wakarudi kwenye springi za kawaida, na ukaguzi wa vali ukasogea hadi kilomita 60,000. Kiwanda kilichojengwa juu ya fahari ile kiliimeza kwa ajili ya mtu mwenye mabegi. Moyo huo ndio ninaoutaka, ila uwekwe kwenye pikipiki ninayoifikia kwa miguu.

Honda nao walijikwaa kwa njia nyingine. VFR1200F ya 2010 ilikuwa na V4 tamu (injini ya silinda nne zilizopangwa kama herufi V), shafti badala ya mnyororo, na uzito wa kilo zaidi ya 260. Tangi? Lita 18.5. Unaipa pikipiki shafti ili isafiri mbali, kisha unailazimisha kusimama kwenye kila pampu! Waliopenda VFR za zamani waliiona nzito, na wasafiri waliiona ina kiu.

Jibu langu ni ndiyo, waendelee, lakini waache kuitengenezea injini yake na fremu yake peke yake. Soko ni dogo, na kila injini inayopitishwa kwenye sheria za moshi kama Euro 5 ni gharama. KTM mwaka 2016 walichukua pikipiki yao ya kasi, Super Duke R, wakaivika kioo, tangi kubwa na masanduku, ikawa Super Duke GT. Suzuki GSX-S1000GT imetoka kwenye GSX-S1000 kwa njia hiyohiyo. Kawasaki wamekuwa wakifanya hivyo tangu Ninja 1000 ya 2011, iliyotokana na Z1000, na ukoo huo bado unatembea.

Na wewe unayetaka kununua, usianze na injini. Injini zote siku hizi zinakimbia kuliko sisi. Uliza vali zinapimwa baada ya kilomita ngapi, kisha soma uzito ambao pikipiki inaruhusiwa kubeba, ujumlishe wewe, mwenzako na mabegi. Utashangaa ni ngapi zinakwama hapo, zikiwa na masanduku makubwa unayotakiwa kuyaacha nusu tupu. Na abiria aje dukani. Mke wangu ana lugha yake huko nyuma: akinigonga bega mara moja anataka maji, mara mbili mgongo umekataa. Kwenye pikipiki yetu ya sasa mara mbili huja kabla ya saa moja kuisha, na nimejifunza kutobishana.

Safari hii nimeamua kununua mpya. Wiki iliyopita tulikwenda kuiona moja. Nilikaa mbele, yeye nyuma, pikipiki imesimama kwenye stendi yake, muuzaji akiongea kuhusu skrini ya rangi ambayo hakuna kati yetu aliyeiuliza. Tulikaa karibu nusu saa. Muuzaji alikuwa ameanza kuangalia saa. Bega langu halikuguswa.