Nina sola iliyounganishwa na gridi: nikiongeza betri, nini kinabadilika?

SWALI: Paani kwangu zipo paneli za kilowati 5 zilizounganishwa na umeme wa gridi, bila betri. Gridi ikikatika, nyumba nzima huzimika hata jua likiwa kali. Fundi anasema ninunue betri tu, tatizo litakwisha. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Fundi wako amekueleza nusu ya jambo. Inverta uliyo nayo, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, hufuata tu: husoma volti na masafa ya gridi, ambayo huku kwetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kisha husukuma humo umeme wote ambao paneli zinaweza kutoa. Gridi ikipotea hulazimika kujizima, na huko si kuharibika bali ni kinga, kwa sababu fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba waya hauna umeme anaweza kuuawa na umeme unaotoka paani kwako.

Kwa hiyo, pamoja na betri, unahitaji inverta ya haibridi, yaani inayosimamia paneli, betri na gridi kwa pamoja, yenye swichi inayoitenga kwanza nyumba na gridi, ndipo yenyewe ishike usukani wa volti na masafa. Hapo udhibiti hugeuka kabisa. Awali gridi ilipokea ziada yako na kufidia upungufu wako; sasa kila wati inayotumika lazima itoke papo hapo kwenye paneli au betri, na ziada isiyo na pa kwenda lazima izuiwe. Betri ikijaa saa saba mchana wakati matumizi ni madogo, paneli hupunguzwa. Ukiibakiza inverta ya zamani, ile mpya huiashiria ipunguze kwa kupandisha masafa kidogo juu ya hezi 50. Uliza mapema inavyoitikia ishara hiyo, maana zipo zinazopunguza uzalishaji taratibu, na zipo zinazojizima moja kwa moja.

Gridi ikiwepo, uamuzi mkubwa ni wa akiba. Unaweza kuipangia inverta isishushe betri chini ya asilimia 40, kwa mfano, ili umeme ukikatika usiku usikute betri tupu. Ukiruhusu ishuke zaidi, utanunua umeme kidogo jioni lakini gizani utaingia mapema. Binafsi ningeweka akiba kubwa msimu wa mvua.

Tena, usitazame ukubwa wa betri peke yake. Pampu ya maji huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuliko inapozunguka, na bila gridi ya kuisaidia, inverta ndogo itazima nyumba nzima hata betri ikiwa imejaa.