Maswali ya Wasomaji: Kazi za Mikono Nyumbani

Barua nyingi safari hii zinaulaumu mkono. Mmoja anasema hana kipaji, mwingine kwamba vidole vyake vizito. Tumezisoma zote kwa makini, na karibu kila moja inaonyesha kwamba kosa lilitokea kabla mkono haujaanza kazi: uzi haukupita mahali pake, kitu hakikupimwa kwenye mizani, tundu halikuhesabiwa. Makosa ya namna hiyo hurekebishika leo hii, kwa vifaa ulivyonavyo.

Nimenunua cherehani ya umeme iliyokwisha tumika. Nikianza kushona, uzi unajazana chini ya kitambaa mpaka mashine inakwama. Nimekaza na kulegeza skrubu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, bila mafanikio. Niipeleke kwa fundi?

Usiipeleke bado, dada. Na ile skrubu iache kwanza, tutairudia.

Uzi ukijazana chini, karibu kila mara mkosaji ni uzi wa juu. Ndani ya cherehani kuna visahani viwili vya chuma vinavyoubana uzi wa juu. Visahani hivyo hufunguka unapoinua mguu unaoshikilia kitambaa, na hufunga unapoushusha. Ukipitisha uzi huku mguu uko chini, uzi hupita juu ya visahani bila kuingia kati yake. Ndoano ya chini basi huvuta uzi mwingi inavyotaka na hakuna kinachouzuia, ndiyo maana unarundikana upande wa chini.

Ondoa uzi wote wa juu. Inua mguu. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mpaka kile kijimkono kinachopanda na kushuka kifike juu kabisa, kisha pitisha uzi upya na uhakikishe umeingia kwenye tundu la kijimkono hicho. Hapo ndipo wengi hupakosa. Sasa jaribu: shusha mguu, uvute uzi uliopita kwenye sindano. Unatakiwa kukaza kiasi cha kuipinda sindano kidogo. Inua mguu, vuta tena, safari hii uteleze bila shida. Usipoona tofauti, kuna vumbi au kipande cha uzi kati ya visahani. Pitisha kipande cha kitambaa chembamba mbele na nyuma mpaka kitoke safi. Unapoanza mshono, shika ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya kwanza.

Kisha badilisha sindano, hata kama inaonekana nzima. Sindano moja hufaa kwa takriban saa 8 za kushona, na cherehani iliyotumika huja na sindano iliyochoka. Namba 70/10 ni ya kitambaa chepesi, 80/12 ya pamba ya kawaida, 90/14 ya kitambaa kizito kiasi, 100/16 ya jinzi. Kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, kinahitaji sindano yenye ncha ya mviringo. Ukitumia ya kawaida, mishono itaruka hata ukirekebisha kila kitu kingine. Isukume sindano juu mpaka igote kabla ya kukaza. Kwa mashine nyingi za nyumbani upande wake bapa hutazama nyuma, lakini baadhi ya zile za zamani za mshono ulionyooka huutazamisha pembeni, kwa hiyo angalia iliyomo kabla hujaitoa.

Sasa ile skrubu. Kama kisanduku cha bobini kinatoka nje, kining'inize kwa uzi wake. Kinatakiwa kubaki palepale, na ukiutikisa uzi kidogo kishuke sentimita chache kisha kisimame. Kikiporomoka chenyewe, kaza kwa robo ya mzunguko. Kisiposhuka kabisa, legeza kwa kiasi hicho hicho. Halafu weka kidude cha kukaza uzi wa juu kwenye 4, ambayo ni katikati kwa mashine nyingi, na ushone kwenye vitambaa viwili vilivyolaliana ukitumia rangi moja juu na nyingine chini. Rangi ya chini ikichungulia upande wa juu, uzi wa juu umekaza mno. Ikichungulia ya juu upande wa chini, umelegea. Fanya marekebisho haya kwenye kidude cha juu tu.

Sabuni yangu ya kwanza ilitoa mafuta juu. Ya pili ilikauka ikapukutika, na inachoma ngozi. Nilipima kwa kikombe kilekile mara zote mbili.

Hicho kikombe ndicho kilichokuponza, ndugu yetu. Kostiki soda, yaani sodiamu hidroksaidi, huuzwa ikiwa vipande bapa au punje ndogo, na kikombe kimoja cha vipande hakina uzito sawa na kikombe cha punje. Tena hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo mkebe uliokaa wazi hautoi kipimo kile kile. Sabuni ya pili inayochoma ina kostiki iliyozidi. Usiitumie mwilini wala kuogeshea watoto. Ya kwanza huenda kostiki ilipungua, au uliimimina kabla haijachanganyika sawasawa. Kwa kuwa hukupima kwa uzito, hakuna njia salama ya kukisia marekebisho. Anza upya.

Nunua mizani inayopima gramu mojamoja. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki: gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 0.183, ya zeituni gramu 0.134. Kwa kilo moja ya mafuta, tumia gramu 300 za nazi na 700 za zeituni. Hesabu yake ni 54.9 kujumlisha 93.8, sawa na 148.7. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni na ngozi isikauke, upate gramu 141. Maji gramu 290. Ukibadilisha hata aina moja ya mafuta, hesabu inaanza upya.

Soma lebo ya kostiki. Isiwe potasiamu hidroksaidi, ambayo hutengeneza sabuni laini au ya maji, na isiwe dawa ya kuzibua mabomba iliyochanganywa na vitu vingine. Vaa miwani inayofunika macho pande zote, glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu. Watoto na wanyama watoke kabisa. Fungua madirisha. Vyombo viwe vya chuma kisichoshika kutu au plastiki nene inayohimili joto. Alumini hapana, kwa sababu kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka.

Mimina kostiki kwenye maji, polepole huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa maana joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji yatapata moto mkali na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo usiinamie chombo. Yaache yapoe. Yayushe mafuta ya nazi, changanya na ya zeituni, na subiri vyombo vyote viwili vifike karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta. Kwa blenda ya mkono, washa sekunde 5, zima ukoroge kwa mkono, washa tena. Kwa mwiko inaweza kuchukua hata saa nzima, na wengi hukata tamaa mapema. Imekuwa tayari pale unapoinua mwiko, matone yakaacha mstari unaoonekana juu kabla ya kuzama. Ukiona michirizi ya mafuta pembeni, bado.

Mimina kwenye chombo cha umbo kilichotandikwa karatasi, kifunike, na uikate sabuni baada ya saa 24 hadi 48 ukiwa bado na glavu. Panga vipande mahali penye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Maji yanatoka, sabuni inakuwa ngumu na haiishi haraka bafuni. Unga mweupe unaotokea juu hauna madhara. Ufute kwa kitambaa chenye maji.

Kostiki ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Watu hupenda kukimbilia siki. Siki haina kazi hapo, inakupotezea muda tu. Ikiingia jichoni, endelea kuosha kisha nenda hospitali bila kungoja.

Nafuma kitambaa kwa sindano ya kroshia. Nilianza na mafundo 30, sasa yamebaki 22 na kitambaa kinaelekea kuwa pembetatu. Mstari wa kwanza nao umekaza, sindano haipiti.

Mafundo hupotea kwenye kona, na sababu yake ni cheni ya kugeuzia mstari, yaani vile vitanzi unavyofuma hewani kabla ya kuanza mstari mpya. Kwa fundo fupi, ambalo unavuta uzi mara moja kupitia vitanzi viwili, unageuza kwa cheni 1 na cheni hiyo haihesabiwi. Fundo la kwanza linaingia kwenye tundu la kwanza kabisa. Kwa fundo refu, unalolianza kwa kuzungusha uzi kwenye sindano, unageuza kwa cheni 3 na hizo zinahesabiwa kuwa fundo moja. Kwa hiyo unaruka tundu la kwanza, na mwisho wa mstari unaofuata lazima ufume juu ya zile cheni 3. Ukiruka la kwanza na kulisahau la mwisho, unapoteza moja kila mstari. Mistari minane, mafundo manane: ndiyo hesabu yako hasa.

Kwa mafundo marefu 30 anza na cheni 32, fundo la kwanza liingie kwenye cheni ya nne kutoka kwenye sindano. Kwa mafupi 30, cheni 31, anzia ya pili. Chomeka pini ya usalama kwenye fundo la kwanza na la mwisho la kila mstari, na uhesabu kila unapogeuza mpaka macho yazoee.

Kuhusu kukaza: fuma zile cheni za mwanzo kwa sindano iliyozidi ile yako kwa nusu milimita au milimita moja, kisha rudi kwenye yako. Kwa anayeanza tunapendekeza sindano ya milimita 5 na uzi laini wa unene wa kati, wa rangi nyepesi. Uzi mweusi au wenye manyoya huficha matundu, na ni ukatili kumpa mwanafunzi.

Mshumaa wangu wa kwenye glasi unachimba shimo katikati, nta ya pembeni haiyeyuki.

Utambi ni mwembamba kwa upana wa glasi, au uliuzima mapema mara ya kwanza. Mara ya kwanza uache uwake mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni, takriban saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Ukiwaka muda huo wote na bado ukachimba, ongeza ukubwa wa utambi. Ukiona moshi mweusi, utambi ni mnene au mrefu. Ukate ubaki milimita 5 kila kabla ya kuwasha.

Nta iyeyushwe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, si moja kwa moja motoni. Ikishika moto, zima jiko na funika kwa mfuniko wa chuma. Usimwagie maji hata tone.

Nimeshona daftari kwa karatasi za A4 nilizozikunja. Kurasa hazilali zikifunguliwa, na jalada limepinda. Nilikaza uzi vizuri.

Uzi hauna hatia. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kwa kuwa nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Inakunjika kirahisi sambamba na nyuzi hizo, na kwa ukaidi kinyume chake. Katika daftari, nyuzi zinatakiwa kwenda sambamba na mgongo. Karatasi za A4 za ofisini kwa kawaida zina nyuzi zinazofuata urefu wake, kwa hiyo ukizikunja katikati nyuzi zinakatiza mgongo, na kurasa zinabaki zimesimama.

Chukua karatasi za A3 ambazo nyuzi zake zinafuata urefu, zikate katikati upate A4, kisha uzikunje. Kujua mwelekeo, pinda karatasi bila kuikunja kabisa, kwanza huku kisha huku. Mpindo unaokubali kirahisi ndio ulio sambamba na nyuzi. Mikunjo 8 ya karatasi 4 kila mmoja inakupa kurasa 128, unene mzuri kwa kazi ya kwanza.

Jalada nalo lina sababu mbili. Kadibodi pia ina mwelekeo, ikatwe nyuzi zikienda kutoka juu kwenda chini. Tumia ya milimita 2, iliyozidi urefu wa karatasi kwa milimita 3 juu na 3 chini. Sababu ya pili ni gundi. Kitambaa kilichopakwa gundi nyeupe hutanuka kwa unyevu, na kikikauka husinyaa na kuivuta kadibodi kuelekea nje. Dawa yake ni karatasi ya ndani ya jalada, ambayo nayo hukauka ikivuta upande wa pili. Paka gundi tabaka jembamba, kutoka katikati kwenda pembeni. Weka karatasi inayozuia maji kati ya jalada na kurasa, kisha daftari likae chini ya mzigo wa kilo kadhaa kwa saa 24 kabla ya kulifungua. Mkilifungua mapema ili kuona limetokaje, ndipo linapopinda.