Masaa nane kitandani na bado nimechoka

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni dalili gani ya mwili wako uliyoizoea mpaka ukasahau kwamba ni dalili? Mi jibu langu ni uchovu. Sio ule uchovu wa mtu aliyefanya kazi, ule naujua na ukilala unaisha. Nazungumzia uchovu wa kuamka nao, yaani unafumbua macho asubuhi na kitu cha kwanza kukujia kichwani ni lini utarudi tena kitandani, kichwa kinauma kwa mbele, mdomo umekauka mpaka ulimi unanata, na wakati huo ulilala saa nne usiku umeamka kumi na mbili asubuhi, masaa nane kamili hayo.

Nina miaka 43 na nimeishi hivi karibu miaka sita. Mwanzoni nilikuwa nalalamika, baadaye nikaacha kwa sababu kila niliyemwambia alikuwa na jibu tayari. Ni mawazo. Ni watoto. Ni umri huo, zoea. Nikapima damu, haijapungua. Nikapima thairoidi, iko sawa, sukari iko sawa. Na majibu yakishakuwa sawa yote jamani unabaki huna pa kushika, maana sasa kama mwili hauna tatizo basi tatizo ni wewe. Kuna mtu kazini aliniambia "wewe dada unapenda sana kulala", hakuwa na nia mbaya, lakini nilienda nayo nyumbani na iliniuma kwa sababu na mimi nilishaanza kuamini hivyo hivyo, kwamba mi ni mvivu tu na wenzangu wanajitahidi.

Mume wangu anafanya shifti ya usiku siku nyingi, na zile anazolala nyumbani analala fofofo. Kwaiyo kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia nikiwa nimelala. Hapa ndo nataka wasomaji wanielewe vizuri, kwa sababu naona ndo kiini cha jambo zima: huu ugonjwa ninaoshukiwa, wa pumzi kukatika usingizini, mwenye nao hauoni. Unatokea wakati wewe haupo.

Mwaka jana nilisafiri na mdogo wangu wa kike tukalala chumba kimoja. Usiku nikashtuka taa inawaka, mdogo wangu amekaa pembeni ya kitanda changu, mkono mmoja kanishika bega mwingine una simu, macho yamemtoka. Akaniambia, "Dada, ulikuwa hupumui." Nikamwambia umeota, lala. Akasema sijaota, sikiliza. Akanichezea alichorekodi.

Unasikia nakoroma, kwanza kawaida, alafu mkoromo unapanda unapanda, alafu kimya. Yaani kimya kabisa, unasikia shuka la mdogo wangu, unamsikia yeye mwenyewe akipumua karibu na simu, alafu unamsikia anaanza kuhesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu... alifika 23. Kwenye 23 nikavuta pumzi kwa kishindo kama mtu anayetolewa majini, nikageuka, nikaguna kitu, mkoromo ukaanza upya. Na rekodi ikaendelea, ikaja nyingine, na nyingine. Sikujua kama naweza kutoa sauti ile. Lakini kilichonitisha zaidi ni kile kimya, na sauti ya mdogo wangu inavyoanza kutetemeka akifika kumi na tano, kumi na sita.

Nilivyorudi nikaenda hospitali na ile simu. Daktari alisikiliza dakika kama mbili, akasema anashuku apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi ukiwa umelala. Alinieleza hivi: ukilala misuli yote inalegea pamoja na ya koo, kwa baadhi yetu inalegea kiasi kwamba ulimi na nyama laini za nyuma zinarudi zinaziba njia ya hewa. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unakuamsha sekunde chache tu ili koo likaze, unavuta hewa, unalala tena, na asubuhi hukumbuki chochote. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi ndo inahesabiwa. Mara 5 mpaka 15 kwa saa wanaita kiwango kidogo, 15 mpaka 30 wastani, 30 kwenda juu ni kali. Hebu fikiria mara 30 kwa saa, yaani kila dakika mbili kuna mtu anakutingisha bega, usiku kucha, miaka na miaka, alafu asubuhi unaambiwa unapenda kulala.

Kuna kitu kimoja bado kinanikera. Miezi kadhaa kabla ya ile safari daktari mwingine alinijazisha fomu ya maswali inaitwa STOP-BANG, ina maswali manane: unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, kuna mtu amekuona umekata pumzi, una presha, una uzito mkubwa sana, umepita miaka 50, shingo yako ni nene, wewe ni mwanaume. Nilipata mbili tu, uchovu na presha (presha nimeanza dawa nikiwa na 41). Mbili ni hatari ndogo, nikaandikiwa vidonge vya usingizi nikaenda zangu. Fomu ile ile niliyoijaza baada ya rekodi ya mdogo wangu nilipata nne, kwa sababu sasa nilijua kama nakoroma na nilijua kama pumzi inakatika. Mwili ni ule ule na koo ni lile lile, kilichoongezeka ni shahidi tu. Sasa yule anayelala peke yake anajibuje maswali mawili yale? Anaandika hapana, kwa uaminifu kabisa, na ile hapana inamrudisha nyumbani.

Na kwa wanawake naona ni mbaya zaidi. Picha ya mgonjwa wa apnea iliyoko vichwani mwa watu ni mwanaume mnene anayekoroma mpaka jirani anasikia. Mi si mnene. Kumbe taya dogo au lililorudi nyuma, au mafindofindo makubwa, vinatosha kuifanya njia ya hewa iwe nyembamba hata kwa mtu mwembamba. Na sisi mara nyingi tukienda hospitali hatusemi "nakoroma", tunasema nimechoka, silali vizuri, nina mawazo, kichwa kinauma asubuhi, kwaiyo tunarudi na dawa za mawazo na za usingizi. Hatari yenyewe inaongezeka hedhi ikishakoma, umri ambao kila kitu tunaambiwa ni homoni.

Hivyo vidonge vya usingizi nilivimeza wiki mbili. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko ambavyo sijameza na sikuelewa kwanini. Daktari wa sasa amenifafanulia kwamba baadhi ya dawa za namna ile zinalegeza misuli na zinamfanya mtu achelewe kushtuka, pombe nayo hivyo hivyo, kwaiyo pumzi inaweza kukatika muda mrefu zaidi. Nikifikiria usiku zile, mume yuko kazini, watoto wamelala chumba chao, mi nimemeza kidonge ili nisiamke, kwakweli mwili unasisimka.

Kingine nilichokizoea ni kuamka kwenda kukojoa, mara tatu kwa usiku, wakati mwingine nne. Nilipunguza maji jioni na haikusaidia kitu. Ndo maana nilipimwa sukari mara mbili. Sasa kumbe kifua kinapovuta kwa nguvu huku njia imeziba, moyo unatanuka na kudhani damu imezidi, unatoa homoni inayoiambia figo mwaga maji na chumvi. Yaani kibofu kilikuwa kinapokea tu. Nilivyosikia hilo nililia palepale ofisini kwa daktari, sio kwa huzuni, ni kwa sababu kwa mara ya kwanza vitu vyangu vyote vilikuwa kitu kimoja. Mdomo kukauka, kichwa, choo, presha, kusahau majina ya watu ninaofanya nao kazi kila siku, kumfokea mtoto kwa kijiko kilichoanguka, vyote vinatoka sehemu moja.

Alinipa na fomu nyingine, skeli ya Epworth, hii inauliza hali nane na unajipa 0 mpaka 3 uwezekano wa kusinzia: ukisoma, ukiangalia TV, ukiwa abiria kwenye gari saa nzima, ukiongea na mtu na kadhalika. Jumla ni 24, ukipita 10 unahesabiwa unasinzia kupita kawaida. Nilipata 16. Kwenye swali la gari limesimama kwenye foleni kalamu ilinigoma kidogo, kwa sababu ilishanitokea. Nilikuwa naendesha mwenyewe, taa nyekundu, nikafumba macho "kidogo", kilichoniamsha ni honi za nyuma na taa ilikuwa imeshageuka kijani sijui tangu lini. Watoto walikuwa nyuma. Sikumwambia mtu miezi minne. Nilikuwa nafungua dirisha na kuongeza sauti ya redio nikidhani najilinda, na haisaidii, usingizi wa namna hii unakuchukua na upepo usoni. Sasa hivi siendeshi safari ndefu kabisa, na hata fupi nikijisikia nazidiwa naegesha nalala dakika ishirini, nikichelewa nimechelewa. Kama kuna msomaji anasoma hapa na yuko kama nilivyokuwa mimi, hilo la gari naomba usisubiri vipimo, liache leo.

Kwa sasa bado naitwa "anashukiwa". Ni neno gumu kukaa nalo. Bosi akiniuliza unaumwa nini sina jina la kumpa, nikisema nashukiwa kukatika pumzi usingizini ananiangalia kama nimeongea lugha nyingine. Siwezi kusema ninao na siwezi kusema sina. Kuna siku naombea kabisa majibu yaje mabaya, kwa sababu yakija mazuri narudi kule kule kwenye uvivu, na najua si sawa kuombea ugonjwa, lakini mwenye uchovu huu ataelewa.

Kipimo nimeshafanya, cha nyumbani. Wanakupa mkanda wa kifuani, kimrija chenye ncha mbili kinakaa puani, na kibanio cha kidole chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni. Nilikaa kitandani na waya zile nikaogopa kwamba usiku huu wa maana ndo sitalala, nikahangaika mpaka saa saba. Nilimuuliza daktari itakuwaje, akasema kipimo cha nyumbani hakijui kama umelala au uko macho, kinahesabu masaa yote kiliyokuwa kimewashwa, kwaiyo ukikaa macho sana hesabu kwa saa inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndo maana majibu yakija safi wakati dalili ziko wazi hivi hawaishii hapo, unalazwa maabara ya usingizi usiku mmoja wanakupima na mawimbi ya ubongo. Hilo liliniondolea mzigo mkubwa sana. Ningelijua tangu mwanzo ningepunguza hofu.

Watu wananiuliza kuhusu mashine, ile CPAP inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisizibe, kwamba nitawezaje kulala na kitu usoni maisha yangu yote. Mi siiogopi. Nilisoma kwamba ilitengenezwa na daktari Colin Sullivan kule Sydney mwaka 1980, alitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akaandika matokeo mwaka 1981, na kabla ya hapo tiba ya waliozidiwa ilikuwa kutobolewa koo. Kutobolewa koo! Barakoa nitaivaa. Na nimeambiwa kwa wenye kiwango kidogo au wastani kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, na wenye uzito mkubwa wakipunguza hali nayo inapungua, kwaiyo sio kila mtu anaishia kwenye mashine.

Wakati nasubiri nalala ubavu, kwa sababu chali ulimi unaanguka nyuma zaidi. Naweka mto mgongoni nisigeuke. Mwanangu wa miaka tisa ndo amechukua hiyo kazi. Huyu ndo aliyekuwa anamwambia mdogo wake "mwacheni mama, mama hapendi kucheza", nilimsikia siku moja nikiwa nimelala kwenye kochi, saa kumi jioni, na sikuwa na nguvu hata ya kukataa. Nilivyotoka hospitali nilimkalisha nikamweleza, nikamwambia mama anapenda kucheza, ni kwamba usiku pumzi inakwama na mwili haupumziki. Akanyamaza, akauliza, "kwaiyo sio sisi?" Nikamwambia sio nyinyi, haijawahi kuwa nyinyi. Tangu siku hiyo kabla hajaenda kulala anakuja chumbani, anasukuma ule mto mgongoni kwangu kwa mikono miwili mpaka ukae vizuri, anagonga mara mbili kuhakikisha haukimbii, ndo anazima taa.