Una mtoto anayenyonya na umepangiwa kambi ya kipindupindu: niliyoyaona mimi

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Una miezi minne tu kazini, mlipuko umeingia wilayani kwenu, jina lako limo kwenye orodha ya manesi wa kambi kuanzia Jumatatu, na nyumbani una mtoto wa miezi saba. Unauliza kama uombe kuondolewa. Mimi nimefanya kazi kambi tatu za kipindupindu. Ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, katika mlipuko uliotangazwa Agosti 2015, na wakati huo nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, bado ananyonya. Nenda kazini.

Mtoto kwanza, maana najua ndiye anayekukosesha usingizi. Kipindupindu hakipiti kwenye maziwa ya mama wala hakiruki kwa hewa. Lazima ukimeze. Kinatoka kwenye choo na matapishi ya mgonjwa, kinapanda mkononi, kisha mkono unakwenda mdomoni. Endelea kunyonyesha. Pete na saa acha nyumbani. Nguo na mabuti ya kambi yabaki kambini, oga kabla hujaondoka. Ndani ya uzio usile, usinywe, na simu usiishike hata ikiita mara ishirini, kwa sababu hiyo simu ndiyo utakayoiweka shavuni ukifika nyumbani. Barakoa utaihitaji zaidi unapochanganya unga wa klorini.

Kuhusu glavu, naomba unisikilize vizuri. Niliona wenzangu wanavaa glavu asubuhi na kuzunguka nazo kwa wagonjwa watano, halafu kalamu, halafu faili, halafu komeo la mlango. Glavu ya namna hiyo inamkinga nani? Vua, nawa, vaa nyingine. Klorini ya mikono ni asilimia 0.05, ya sakafu na vitanda ni 0.5, ya choo na matapishi ni 2. Kwa unga wa klorini kali uitwao HTH, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 20 kinakupa ile ya mikono. Ichanganywe kila siku, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kivulini. Ya jana usiitegemee.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kinachoua pale ni maji kumwishia mtu mwilini. Bila matibabu, kipindupindu kikali kinaweza kuua hata nusu ya wagonjwa. Maji yakirudishwa sawasawa na mapema, hafi hata mmoja kati ya mia. Tofauti hiyo kubwa iko mikononi mwa nesi. Antibiotiki ina nafasi yake, lakini inakuja nyuma ya maji.

Mgonjwa wangu wa kwanza aliletwa amebebwa kwenye bajaji, kijana wa makamo, uzito kama kilo 60. Macho yameingia ndani, sauti imebaki mnong'ono, vidole vimenyauka kama vya mtu aliyefua kutwa. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Mapigo ya mkononi sikuyapata kabisa. Kwa mtu kama huyo hesabu ni mililita 100 kwa kila kilo, za Ringer's Lactate, dripu ya maji yenye chumvi za mwili: 30 za mwanzo ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Yaani lita 6, chupa 12 za nusu lita, kwa saa tatu. Nilikuwa naogopa tutamzamisha. Sista mkuu wa zamu akaniambia, "Weka kanula mkono wa pili, fungua zote mbili ziende." Kanula ni kile kibomba cha dripu kinachoingia kwenye mshipa. Chupa ya nne ilipokuwa imeanza tu, nikahisi kitu kinagonga chini ya vidole vyangu, chembamba, kisha kikakaza. Saa moja baadaye akaomba maji ya kunywa. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja unakwenda taratibu zaidi, saa sita kwa jumla, na kwa wazee na watoto wenye utapiamlo mkali chunga sana: kope zikianza kuvimba au akianza kukohoa na kuhema, punguza na uite daktari. Dripu ya dextrose, yaani maji ya sukari, peke yake usiitumie kurudisha maji. Haina chumvi anazozipoteza.

Nikwambie na kosa langu. Mgonjwa mmoja, mama mtu mzima, alimaliza chupa zake jioni, akakaa, akaongea, mapigo mazuri. Nikapunguza dripu nikahamia kwa wapya walioletwa kwa wingi usiku ule. Kitanda cha kipindupindu unakijua: turubai lenye tundu katikati, ndoo chini. Kila nilipopita naikuta ndoo yake ina kidogo tu, nikaridhika. Saa nane usiku nikamkuta baridi, mapigo hayashikiki. Kumbe mhudumu wa usafi, kwa uungwana wake, alikuwa anaimwaga kila inapofika nusu, na mimi sikumwambia apime kwanza. Tulimrudisha, alipona. Mimi nililia chooni.

Tangu siku ile zamu yangu inaanzia chini ya vitanda. Nachora mistari ya lita kwenye ndoo kwa kalamu ya wino mzito, naongea na wahudumu wa usafi kwa majina yao kwamba hakuna kumwaga kabla ya kuandika, na nakabidhiwa zamu ndoo kwa ndoo: kimetoka kiasi gani, kimeingia kiasi gani, amekojoa lini. Mkojo ukirudi, pumua kidogo. Na kila anapoharisha, mtu mzima anywe kikombe cha ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, juu ya kile anachokunywa siku zote. Aanze mara tu anapoweza kumeza, hata kama dripu bado inakwenda.

Hapo ndugu wa mgonjwa ni mkono wako wa tatu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi India. Akachanganya chumvi, sukari na magadi, akawapa ndugu wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Namkumbuka kila ninapomfundisha bibi kumpa mjukuu kijiko kimoja kila dakika, akitapika asubiri dakika kumi aanze tena. Bibi huyo atakuwa na subira kuliko mimi na wewe, ana mtoto mmoja tu wa kumwangalia. Mfundishe na kunawa.

Jambo la mwisho, ambalo kwenye mwongozo halimo. Kile kitanda kinamvua mtu heshima. Nilikuwa na mzee mmoja aliyekataa kulala pale kabisa, akatambaa akitafuta choo huku anaanguka, kwa sababu anayemuuguza ni mke wa mwanawe. Mkwe amwone hivyo? Tukafunga khanga pande zote za kitanda, mkwe akakaa nje ya pazia akimpitishia kikombe cha ORS kwa chini, wanaongea bila kuonana. Akakubali kulala. Kwa hiyo Jumatatu weka khanga mbili tatu za zamani kwenye begi, nazo zibaki huko huko. Klorini itazipausha, usichukue unazozipenda.