Muulize Fundi: Eadropu na wale wa "tuma kwa namba hii"

Safu ya mwezi huu naiandikia kibandani, Ngamiani hapa Tanga, barabara ya kumi na mbili, huku mteja kakaa kwenye benchi anasubiri kioo. Nilijua nitajibu maswali ya betri zilizovimba kama kawaida, ila karibu nusu ya meseji mlizotuma ni za eadropu, yaani zile tokeni za kripto, sarafu za mtandaoni, zinazogawiwa bure na kuingia kwenye waleti, ile pochi ya kripto ya kwenye simu, basi betri zisubiri.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni bodaboda hapa Chumbageni. 2024 nilitapu ule mchezo wa Telegram wa kugawa tokeni, Hamster Kombat, mpaka kidole kikaota sugu, mwisho nikaambulia hela ya chipsi kavu. Sasa nimeongezwa kwenye grupu la Telegram, admini anasema kuna awamu ya pili ya mgao kwa sisi tuliopunjwa, natakiwa nikoneki waleti nitume tokeni 2 za TON za kuamsha akaunti halafu zinarudi pamoja na mgao. Mwisho leo saa sita usiku. Nitume fasta au? (Kidole Sugu)

Marahaba mwanangu. Usitume, na kama ushatuma ruka kwenye swali la nne huko chini.

Wewe si ushawahi kupata ile meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani"? Ukaicheka ukaifuta. Hii ndiyo hiyo hiyo, wameivalisha suti tu. Anayekugawia kitu hakuombi utangulize chako, tangu lini ukaalikwa pilau la harusi ukaambiwa uje na mchele? Wa umri wangu tunawakumbuka DECI, wale wa upatu, mpaka serikali inawafungia 2009 watu walikuwa wanaambiwa "panda mbegu" na wakapanda, wengine mpaka leo wanasubiri mvua.

Ule mgao wa Hamster Kombat ulifanyika 26 Septemba 2024, tokeni ikaanza kuuzwa kwa kama senti moja ya dola, na waliogawiwa ni zaidi ya watu milioni 100. Sinia moja kwa umati wote huo, lazima upate punje. Hukupunjwa wewe peke yako, na wezi wanalijua hilo vizuri sana ndo maana wanawafuata nyie mlioumia, mtu mwenye kinyongo akisikia "fidia" hata hasomi vizuri.

Sasa kuna mjanja kwenye hilo grupu atakuambia mbona hata eadropu za kweli zina hela ya gesi, yaani ada ya muamala. Kweli zina, siwezi kukudanganya. Ila gesi inakatwa na mtandao wenyewe palepale unapobonyeza kuchukua mzigo, inatoka kwenye waleti yako kama inavyokatwa ada ya kutoa hela kwa wakala. Humtumii mtu kwanza. Ukiona umepewa anwani ya kutuma "gesi" au "kodi" au "kuamsha", hiyo siyo gesi, hapo unamlipa mtu.

Na ingia kwenye mipangilio ya faragha ya Telegram, pale penye nani anaweza kukuongeza kwenye magrupu, weka watu ulionao kwenye namba zako tu. Utashangaa fursa zitakavyopungua.

SWALI: Kaka Fundi habari za kazi. Mimi nauza vitenge Mgandini, waleti nilifunguliwa na mdogo wangu. Juzi nimekuta kuna tokeni zimeingia sijui zimetoka wapi, zinasomeka dola 3,200, na jina lake limeandikwa kama anwani ya tovuti. Nimejaribu kuziuza zinagoma, nataka niingie kwenye hiyo tovuti nione. (Dada wa Vitenge)

Salama dada. Usiingie.

Anwani ya waleti yako iko wazi kwa dunia nzima, yeyote anaweza kukutupia chochote, kama ukuta wa nyumba uliopo barabarani, mtu akija usiku akabandika tangazo huwezi kumzuia. Kutengeneza tokeni ni kazi ya dakika chache na jina unaweka unalotaka, sasa mwizi kaweka jina la tovuti yake ili ikigoma kuuzika uifuate huko. Hiyo 3,200 ni mapambo, hakuna mnunuzi yeyote upande wa pili. Waleti nyingi zina sehemu ya kuficha tokeni, ifiche, usiiuze wala usiitume popote, ikikaa yenyewe tu haina madhara. Na mdogo wako aliyekufungulia, yale maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti aliyaandika wapi? Kama kayapiga picha yakabaki kwenye simu yake, au mbaya zaidi kakutumia kwa WhatsApp, fungua waleti nyingine wewe mwenyewe, uyaandike kwa kalamu kwenye karatasi, uhamishe ulichonacho. Sisemi mdogo wako mwizi, nasema simu zinaibiwa.

SWALI: Mgosi, mimi najua kabisa maneno 12 haupewi hata mke. Sasa kuna jamaa yangu Makorora anaapa hakumpa mtu maneno yake na waleti imesafishwa, alikoneki tu kwenye ukurasa wa eadropu. Inawezekanaje au anaficha kitu? (Mbishi wa Sahare)

Hafichi, mgosi. Na hapa naomba nikae kidogo maana hili ndo linawaliza wanaojiona wajanja, mimi nikiwemo.

Maneno 12 ukimpa mtu umempa laini, PIN na kitambulisho kwa mpigo. Hilo watu wengi wameshalielewa, ndo maana wezi wakahamia kwenye njia nyingine, ruhusa. Kwenye waleti za mtandao wa kripto wa Ethereum na ndugu zake kuna kitu cha kuapruvu, unauruhusu mkataba fulani, yaani programu inayokaa kwenye mtandao huo, uchote tokeni fulani kwenye waleti yako bila kukuuliza tena. Kina kazi yake halali, masoko ya kubadilishia tokeni yanakitumia kila siku. Ila ukimpa ruhusa hiyo mwizi ni kama umesaini daftari la madeni la dukani kurasa zikiwa tupu, mwenye duka atajaza mwenyewe siku anayotaka. Nyingine hata gesi haikatwi, unasaini kitu kinachoonekana kama ujumbe wa kawaida tu, kumbe ndani ni ruhusa ile ile.

Mimi nililiwa hivyo. 23 Machi 2023 Arbitrum, mmoja wa hao ndugu wa Ethereum, walifungua mgao wao, siku zile zile za mwandamo wa Ramadhani, na aliyestahili kiwango cha chini kabisa alikuwa anapata tokeni 625, ambazo kwa bei ya siku ile ni mamia ya dola, nani angelala? Ukurasa wao ukazidiwa na watu ukawa haufunguki. Mimi kwa kiherehere changu nikaingia kutafuta kwenye Google nikabonyeza jibu la juu kabisa, kumbe lile la juu ni tangazo la kulipiwa, jina limefanana na la wenyewe ila kuna herufi moja imechomekwa katikati. Nikakoneki, kikaja kidirisha, nikabonyeza kukubali kama ninavyokubali kila kitu kwenye simu. Sikuandika neno hata moja la siri. Nilikuwa na dola 64 za USDC, tokeni ambayo moja ni sawa na dola moja, hela ya mteja kabisa, zikaondoka hata simu sijaiweka chini.

Usiku nikaenda Arbiscan, tovuti ya kuangalia miamala ya Arbitrum, kuisoma ile ruhusa niliyosaini. Penye kiwango palikuwa na namba inaanza 115792089 inaendelea mpaka ukingo wa kioo, ikakunja ikaendelea tena, nikaihesabu kwa ncha ya bisibisi, tarakimu 78. Hiyo ndo namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa kwenye hiyo sehemu ya mkataba, na kwa Kiswahili chetu maana yake chota utakavyo. Waleti za sasa hivi nyingi hazikuonyeshi hiyo treni, zinaandika tu kwamba kiwango hakina kikomo, basi ukiona hivyo kwenye ukurasa wa kugawa vya bure jiulize, huyu anataka kunipa au anataka kuchukua? Kukupa kitu anahitaji anwani yako tu. Uniswap, soko la kubadilishia tokeni, walivyogawa Septemba 2020, tokeni zao za UNI 400 kwa kila anwani iliyokuwa imewahi kutumia soko lao kabla ya tarehe 1 ya mwezi ule, watu waliingia, wakabonyeza, wakalipa gesi, mzigo ukaingia. Hakuna aliyeombwa ruhusa ya kuchotewa dola zake.

Siku hizi nina waleti mbili. Moja ya akiba, haijawahi kukoneki popote na haitakoneki. Nyingine ya kuchezea, ina gesi ya kutosha kubonyeza mara mbili tatu, ikisafishwa nimepoteza hela ya kahawa na kashata. Kama anwani inayostahili mgao ndo hiyo hiyo yenye akiba, naihamisha akiba kwanza ndo nakoneki. Na linki sichukui kwenye grupu, wala kwa mtu aliyenifuata inboksi akijiita huduma kwa wateja, wala kwenye matangazo ya juu. Naanzia kwenye tovuti ya mradi niliyoihifadhi zamani kwenye brauza kabla kelele hazijaanza, kisha nalinganisha na walichoandika kwenye akaunti yao rasmi, herufi kwa herufi, bila aibu hata kama watoto wananicheka kwa kusoma nikifuatisha na kidole. Nasema linganisha maana akaunti rasmi nazo huwa zinadukuliwa. Haraka sina. Arbitrum wenyewe dirisha la kuchukulia lilikaa wazi miezi sita, sasa huyo wa "mwisho leo saa sita usiku" anawahi wapi?

SWALI: Fundi mimi nishapigwa, naandika nikiwa na homa. Nilijaza maneno yangu 12 kwenye ukurasa wa "kuhakiki waleti". Imebaki tokeni moja ambayo bado imefungiwa, na kuna mtaalamu kanifuata anasema anazirudisha zilizoibwa kwa asilimia 20, ila nitangulize dola 50. (Sina Raha, Pongwe)

Pole sana mwanangu, kunywa maji kwanza.

Huyo mtaalamu ni mwizi wa pili, mara nyingine ni yule yule wa kwanza kabadilisha picha. Muamala wa kripto ukishathibitishwa hakuna fundi wa kuurudisha nyuma, mimi fundi nakuambia. Mbloku.

Wewe umetoa maneno 12, kwa hiyo kufuta ruhusa hakukusaidii, ile waleti siyo yako tena, mna funguo wawili. Fungua mpya yenye maneno mapya na hamisha kila kinachohamishika. Usiongeze gesi kwenye ile ya zamani kwa pupa, wezi wanaweka boti, programu inayoikodolea macho muda wote, ukiweka hela ya gesi inanyakuliwa ndani ya sekunde chache na hiyo tokeni yako iliyofungiwa huifikii. Kama haina thamani kubwa iache iende, inauma lakini iache.

Aliyekubali ruhusa tu bila kutoa maneno, kama mimi, ana nafuu. Anaingia tovuti ya revoke.cash, au sehemu ya kukagua ruhusa kwenye Etherscan, tovuti ya miamala ya Ethereum, anaona orodha ya aliowaruhusu, anafuta mmoja mmoja kwa gesi kidogo. Andika hiyo anwani kwa mkono, maana nayo ina feki zake. Kilichokwisha kuchotwa hakirudi, unaziba tundu tu.

Kituoni nenda, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, beba skrinshoti na namba ya muamala, sikuahidi kitu ila nenda. Kama ulituma hela kwa simu kwenye namba ya hapa nyumbani piga kwa mtandao wako saa hiyo hiyo kabla haijatolewa, na namba ya tapeli iripoti 15040.

SWALI: Kripto si imepigwa marufuku Tanzania? (Mwalimu)

Benki Kuu ilitoa tangazo la kuikataza Novemba 2019, na shilingi ndiyo fedha halali hapa kwetu. Juni 2021 Rais Samia akaiambia Benki Kuu ianze kujiandaa na mambo haya, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kukatazwa huku unakatwa kodi huku, mwalimu, uwafundishe wewe wanafunzi hiyo maana mimi nimeshindwa. Ninachojua ukidhulumiwa hakuna benki ya kukufidia.

SWALI: Fundi, mimi ni mzee wa Mwambani. Kuna kijana anapita mtaani anapiga picha vitambulisho vya NIDA na sura zetu, anatupa elfu tano tano, anasema ni uhakiki wa hela za bure za mtandaoni. Nimeshapigwa picha. Kuna ubaya? (Babu wa Mwambani)

Shikamoo babu. Upo ubaya, ndiyo. Kuna migao na masoko yanayotaka kitambulisho na sura kwa kila akaunti, huyo kijana anakusanya sura za watu afungue akaunti nyingi achukue migao ya wote, na akaunti zenye jina lako baadaye zikipitisha hela za wizi atakayetafutwa ni wewe, yeye hayupo. Ukimuona tena mwambie aifute picha mbele yako, najua anaweza kuwa na nakala nyingine lakini mwambie, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Halafu chukua simu yako piga *106#, uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua nenda na kitambulisho duka la huo mtandao waifunge, na kama macho hayasomi vizuri pita hapa barabara ya kumi na mbili nikuangalizie, hiyo silipishi.