Barua kwa Mwanangu: Anza na Breki

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia hapa Iringa, na nimefurahi kusikia kwamba ile Mazda MX-5 yako ya mwaka 1994, kigari cha michezo cha watu wawili, imeanza kutembea. Umeniuliza kama fedha ulizodunduliza uzitumie kununua ekzosi mpya na kuongeza nguvu ya injini kabla ya kuliendesha gari katika uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch, Uingereza, na kama kazi hiyo waweza kuifanya mwenyewe uani kwako bila kumlipa fundi. Kazi waweza kuifanya mwenyewe, ila usianze na injini. Anza na breki, na katika breki anza na mafuta yake.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Ulipokuwa bado mdogo nilikuwa nashuka mlima Kitonga na pikapu iliyojaa viazi, nikikanyaga breki kila kona badala ya kuiachia gia ifanye kazi. Katikati ya mteremko pedali ikalainika kama sifongo, kisha ikazama hadi sakafuni. Nilirudisha gia moja baada ya nyingine mpaka namba moja, nikalisugua gari kwenye ukingo wa barabara hadi likasimama. Tulikaa hapo karibu nusu saa, na gari lilipopoa pedali ikarudi kuwa ngumu kama kawaida. Hakuna bomba lililopasuka. Mafuta ya breki yalikuwa ya miaka mingi na yalikuwa yamenyonya unyevu wa hewani, na joto la pedi lilipoyafikia yakachemka; basi mvuke ukabonyea mahali ambapo mafuta hayabonyei, na nguvu ya mguu wangu ikaishia humo bila kufika kwenye magurudumu.

Uwanja wa mbio hukurudisha Kitonga kila baada ya dakika moja hivi. Pale Brands Hatch, ukitoka kona ya Paddock Hill Bend utashuka kwa kasi, utapanda, utafunga breki kwa nguvu kuingia kona ya Druids, na kabla disiki hazijapoa utakuwa umerudi palepale. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Kwa hiyo nunua chupa mpya ambayo haijafunguliwa, pamoja na pedi zilizotengenezwa kuhimili joto, kwa sababu pedi za kuendea kazini hupoteza mshiko zikipata joto kali, hata kama mafuta ni mazima.

Ukiwa uani, liinue gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi imara kabla ya kufungua tairi lolote. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Anza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki. Chomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea hewa iliyo kwenye breki ya gurudumu hilo, na ncha yake nyingine iwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage pedali polepole, wewe ufungue nati robo mzunguko, uifunge kabla hajaachia. Kwanza utaona mafuta ya rangi ya chai yakipita, pengine na vipovu vidogo vikifuatana, kisha yatakuja mapya, safi na yenye rangi hafifu. Kopo la mafuta lililo juu ya masta silinda lisikauke hata mara moja, na mafuta yakidondokea bodi yaoshe mara moja kwa maji, maana hula rangi.

Baada ya hapo tazama rejeta. Sehemu yake ya juu ni ya plastiki, na ikiwa imegeuka kahawia imechakaa na yaweza kupasuka, hivyo ibadilishe pamoja na mipira yake. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa kila tairi: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo silitaki chini yako, hata kama kashata zake bado ni nzito. Oili ya injini iwe karibu na alama ya juu. Kwa kuwa gari lako halina paa gumu, weka bomba la chuma la kukukinga likipinduka. Waandaaji wengi hulidai, nami ningelidai hata wasipolidai.

Ukishakuwa uwanjani, mzunguko wa mwisho uende taratibu ili breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono, bali liache gari kwenye gia na uzuie tairi kwa kigingi.

Ekzosi tutaizungumza baadaye. Wikiendi hii fungua kopo la mafuta ya breki, uniandikie yana rangi gani na tairi zako ni za mwaka gani, kabla hujalipia siku ya uwanja.

Baba yako