Kwa Anayeanza Kusoma Majina ya Wanahua Katika Hati za Kikoloni

Katika hati za Wanahua, wenyeji wa Meksiko ya kati, za enzi ya utawala wa Wahispania, alama iliyochorwa karibu na kichwa cha mtu, ikaunganishwa naye kwa mstari mwembamba, haikuwekwa pale ili itazamwe bali isomwe kwa sauti, tena kwa Kinahuatl, lugha yao. Kwa hiyo jifunze lugha kwanza, angalau uweze kuipekua kamusi ya Kinahuatl na Kihispania ya Alonso de Molina ya mwaka 1571 bila kuhangaika.

Mimi nilianza na picha, nikaumbuka. Jina la Itzcoatl, mtawala wa nne wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, huchorwa kwa nyoka, yaani coatl, aliyezungukwa na ncha za itztli, lile jiwe jeusi la volkano lenye makali. Katika Kodeksi ya Vergara, hati ya michoro ya mji wa Tepetlaoztoc, jina hilohilo limeandikwa kwa mshale wa itztli, chungu na maji, nami nikapoteza siku kadhaa nikimtafuta mtu aitwaye Chungu cha Maji. Kumbe chungu ni comitl na hutoa sauti co, maji ni atl na hutoa a. Nyoka yumo katika jina bila kuchorwa. Ni kama mtu achore mbuzi wa zizini ili wewe usome mbuzi ya kukunia nazi. Jihadhari vivyo hivyo na tai na mti: cuauhtli na cuahuitl zote hubaki cuauh- zinapoungana na neno jingine, hivyo mmoja huweza kuchorwa mahali pa mwenzake.

Uwanja mzuri wa mazoezi ni Matrícula de Huexotzinco, orodha ya watu wa Huexotzinco ya mwaka 1560, iliyohifadhiwa Paris, yenye maelfu ya majina pamoja na maandishi ya herufi za Kilatini. Akina Juan na Pedro wamejaa humo, na kwa kawaida kinachochorwa ni jina la Kinahuatl linalofuata lile la ubatizo. Ukikuta sungura, tochtli, usikimbilie kudhani ni jina la utani, kwa sababu sungura ni mojawapo ya siku 20 zenye majina katika kalenda ya siku 260, na watoto waliitwa kwa siku zao kama wetu wanavyoitwa Juma na Khamisi.

Funika herufi kwa kipande cha karatasi, soma alama, andika ulichosikia, kisha ndipo ufunue. Usikate tamaa herufi zikikuzidi silabi moja au mbili, maana mchoraji mara nyingi aliandika sehemu tu ya jina, na kiambishi cha heshima -tzin mara nyingi hakukichora.